Wimbo wa Betri Zilizochoka

Kaka yangu ana mzaha mmoja ambao ameutumia tangu tukiwa watoto, na kila nikidhani umekufa, anaufufua. Krismasi iliyopita mjukuu wangu aliniletea simu yake nione picha, na kabla sijaigusa kaka akasema kutoka upande wa pili wa meza, "Wee, usimpe huyo, ataikwaruza." Wote wakacheka, hata wale walioolewa kwetu juzi na hawajui wanachekea nini. Nami nikacheka, kwa meno tu. Nina miaka hamsini na minane, nina duka langu la kushona sare za shule hapa mtaa wa Pioneer, Eldoret, nina wafanyakazi wawili wanaoniogopa, na bado katika familia yetu mimi ni yule mtoto aliyeharibu santuri ya Mzee, baba yetu.

Sikuiharibu. Naomba hilo lieleweke mapema, maana nimelisema kwa miaka arobaini na minane na hakuna aliyenisikiliza.

Wazazi wetu walitoka mkoa wa Kati wakanunua ekari tatu Kiplombe, nje ya mji, na baba akawa dereva wa trakta kwa mkulima mmoja mzungu. Mzungu huyo alipouza shamba na kwenda zake, alimwachia baba gramafoni ya betri na santuri moja. Moja tu. Kwenye jalada kulikuwa na vijana wanne wenye nywele za kufika mabegani wameegemea ukuta, mmoja shati lake halina vifungo. Mama alilibandika jalada hilo karatasi ya kalenda kuanzia kidevuni kwa vijana hao hadi chini, jina lao likafunikwa humo humo, kwa sababu alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani na hakutaka kifua cha mtu nyumbani mwake.

Wazazi walikuwa wameokoka, na siku hizo kuokoka hakukuwa mchezo. Kucheza dansi ilikuwa dhambi, hata kutikisa bega. Kwa hivyo ungedhani santuri ile ingetupwa chooni. Lakini upande wa pili, wimbo wa pili, ulianza kwa kinanda, na baba alikuwa amesikia kinanda mara moja maishani, katika kanisa kubwa la wazungu. Akakata shauri kwamba huo wimbo ni tenzi. Kiingereza hakuna aliyekijua sana kwetu, na mwimbaji mwenyewe aliimba kama mtu mwenye kiazi moto mdomoni. Nani angembishia?

Basi kila Jumapili baada ya ibada watu wa fellowship, kikundi chetu cha maombi, walikuja kwetu kunywa chai, na kabla ya chai Mzee aliweka sindano. Wimbo ulitoka polepole, mzito, kinanda kikijikokota na sauti ya mwimbaji ikishuka chini kama ya mtu aliyefiwa. Wageni walisimama. Wakainamisha vichwa. Kulikuwa na mwanamume mmoja aliyekuwa akivua kofia na kuishikilia kifuani mpaka mwisho, kisha anasema "Amina" kwa nguvu hadi vikombe vinatikisika. Kuna mama aliyewahi kulia kabisa, akapewa maji.

Kazi yangu ilikuwa kuipangusa santuri kila Jumamosi kwa kitambaa laini. Nilikuwa na miaka kumi na niliifanya kazi hiyo kama daktari. Halafu Jumapili moja, wageni wameinama, wimbo ukafika pale ambapo mwimbaji huvuta kilio kirefu, na sindano ikarudi nyuma. Akalia tena. Ikarudi. Akalia tena. Wageni walidhani ni kiitikio. Walisimama pale muda mrefu, vichwa chini, wakisubiri Roho amalize, mpaka Mzee akaenda akainua sindano, akaipeleka santuri dirishani, akaona mikwaruzo.

"Nani hupangusa hii?" akauliza.

Nilichapwa nyuma ya zizi la ng'ombe. Kuchapwa ningekusahau. Kilichobaki moyoni ni kwamba nilirudishwa sebuleni nikaambiwa nitubu mbele ya fellowship nzima. Nilisema sikufanya. Nikaambiwa kiburi kimenishika, wakaanza kuniombea. Waliomba, wakaomba, na kwa pembeni ya jicho nikaona chai inamiminwa na sahani ya mandazi inapungua. Nikatubu. Nikasema ndiyo, ni mimi, nimeharibu wimbo wa Bwana. Wakaimba kwa furaha, nikapewa andazi moja. Tangu siku hiyo kaka, aliyekuwa na miaka saba, akawa ndiye mwenye gramafoni, na kila nikijitetea husema, "Si ulikiri mwenyewe?"

Mwaka huu mvua zilipoanza, redio ya dukani ilizimika. Milango miwili kutoka kwangu kuna fundi, mzee mmoja aliyekuja Eldoret kutoka upande wa ziwa akiwa kijana na hajaondoka. Hutengeneza amplifaya za makanisa na spika za kila aina, na miwani yake ya kukuzia huikalisha kwenye paji la uso kutwa nzima. Nilipoingia na redio yangu nikaona kwenye rafu, katikati ya nyaya, wale vijana wanne ukutani. Kwa mara ya kwanza nikaona walivaa nini kuanzia kidevuni kwenda chini, na kusema kweli Mama hakukosea.

"Hiyo umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Kuna familia ilikuwa inahama, nikanunua box nzima. Muziki wa kantri tupu, madam. Unajua huu mji na kantri. Ni hii moja tu ilikuwa tofauti." Akaishika kwa kingo. "Hawa unawajua. Ni wale wa redio, asubuhi."

Akanitajia wimbo mmoja, wa magitaa yanayonguruma, ambao nimeusikia maelfu ya mara nikikata vitambaa. Sikuwa nimejua kamwe kwamba ndio hao hao. Kaka yangu ana fulana tatu zenye picha zao wakiwa wazee. Hufundisha chuoni kule Kesses na hujiita mtaalamu wa rock, na amewahi kuniambia kwamba nyimbo zao za mwanzo ni za kitoto, hazina maana.

"Hii ndiyo yao ya kwanza kabisa," fundi akasema. "Kabla hawajajulikana. Nasikia hata wao wenyewe wanaionea haya."

Nikamwomba aweke upande wa pili, wimbo wa pili. Nilisimama pale katikati ya duka, utepe wa kupimia shingoni, nikafumba macho na kuinamisha kichwa. Mazoea tu.

Wimbo ukatoka ukikimbia. Kinanda kiliruka juu, ngoma zikakifuata mbio, na yule mwimbaji aliyefiwa alikuwa kijana mwenye furaha ya kukera. Nikafumbua macho. Nikamwambia fundi mashine yake imeharibika, inaenda mbio.

Fundi akaniangalia kama ningemwangalia mtu aliyeniambia sijui kukata kola. "Speed iko sawa, madam. Ni yenu ndiyo ilikuwa na shida. Mlikuwa mnatumia nini, stima?"

"Betri."

"Za lini?"

Nikakumbuka betri sita kubwa zilizopangwa juu ya mabati kila Jumamosi zipigwe jua, na Mama akiziuma kwa meno zipate nguvu kidogo. Nikamweleza. Nikamweleza pia juu ya tenzi na yule mtu wa kofia. Alicheka mpaka akakaa juu ya spika ya kanisa la watu.

"Betri zimechoka, wimbo unachoka," akasema akipangusa macho. "Nyinyi mlikuwa mnaabudu na dansi iliyolala."

Hapo ndipo nilipata wazo. Jumamosi nikaenda Kiplombe kuwasalimu wazazi, na Mzee alipotoka kuangalia ng'ombe nikaichomoa santuri yetu kutoka kwenye sanduku lake, nikaifunga kwa leso, nikaondoka nayo chini ya sweta. Ndiyo, niliiba. Jumatatu asubuhi ilikuwa mezani kwa fundi, naye ameteremsha miwani, akiizungusha polepole chini ya taa.

"Ulisema ulikuwa unapangusa na kitambaa?"

"Kitambaa laini. Kwa kuzungusha."

"Basi si wewe." Alisema hivyo tu, jinsi mtu angesema mvua itanyesha. "Kitambaa kikikwaruza, alama inafuata duara. Hizi zimekata duara. Hapa, hapa, na hapa. Sindano ilikuwa inaruka. Na si mara moja, imeruka siku nyingi." Akainua miwani. "Nyumba yenu floor ilikuwa ya nini?"

"Mbao."

"Basi mtu alikuwa anacheza dansi karibu na hiyo mashine. Mtu hodari."

Nilitaka kumkumbatia, lakini yeye ni mzee wa watu na mlango ulikuwa wazi. Sikuhitaji kufikiri ni nani. Katika nyumba ile kulikuwa na mtu mmoja tu aliyependa rock, na mtu huyo ana fulana tatu. Nikampigia kaka simu nikamwambia Jumamosi wazazi wanatuita. Kwa siku nne nilitia kola kwenye mashati ya shule huku nikitunga hotuba, na mashati mawili yalitoka na kola nyuma mbele.

Jumamosi alasiri tukawa sebuleni Kiplombe. Mzee, miaka themanini na sita, amekaa kwenye kiti chake na koti lake zito. Mama, themanini na moja, yuko mezani anachagua maharagwe. Kaka amekuja na fulana, kama mshtakiwa aliyevaa ushahidi. Nilikuwa nimeazima mashine ya fundi, nikaichomeka kwenye stima, nikaweka ile santuri nzima niliyoinunua kwake.

Wimbo ulipoanza Mzee akainua mkono. "Punguza mbio."

"Hizi ndizo mbio zake, Mzee."

"Hapana. Hiyo si tenzi yetu."

"Ni ile ile," nikasema. "Ni betri zetu zilikuwa zimechoka."

Kaka alikuwa ameinuka kwenye kiti. "Ngoja. Ngoja kwanza. Hii ndiyo ile ya Jumapili? Mzee, huyu jamaa anamwimbia msichana, anamwambia atoroke kwao kupitia dirisha." Akaanza kucheka, akashindwa kuendelea. Mzee alikunja vidole kimoja kimoja. Alikuwa akihesabu Jumapili, nafikiri.

Nikazima, nikatoa santuri ya zamani, nikasimama. Nilieleza juu ya kitambaa na duara, juu ya sindano na sakafu. Nikafika mwisho, nikamnyooshea kaka kidole. "Ulikuwa unacheza dansi, na mimi nikachapwa kwa ajili yako."

"Mimi?" Kicheko kilimtoka. "Nilikuwa na miaka saba, dadangu. Nilikuwa mwembamba kama ufito. Ningetikisa floor gani mimi? Na nikiwa shule kutwa? Hata hiyo kitu sikuruhusiwa kugusa, ni wewe uliruhusiwa."

Hotuba yangu yote ilianguka hapo. Alikuwa anasema kweli na nilimjua vizuri, kaka akidanganya hukuna sikio. Ili nipate muda wa kufikiri nikaweka wimbo tena, nikaketi, nikaangalia chini.

Chini ya meza mguu wa Mama ulikuwa ukienda. Mikono ilikuwa kwenye maharagwe, uso ulikuwa kwenye maharagwe, lakini mguu ndani ya ile sandali ya plastiki ulikuwa unafuata ngoma, kisigino, vidole, kisigino. Kuna mahali kabla ya kile kilio ambapo ngoma husimama ghafla, kisha huingia tena kwa nguvu. Mimi mwenyewe sikupajua mpaka nilipopasikia kwa fundi. Mguu wa Mama ulisimama pale pale, ukangoja, ukaingia pamoja nazo. Sisi wote tulikuwa tunaujua wimbo huo ukiwa umechoka. Mama alikuwa anaujua ukiwa mzima.

"Mama," nikasema.

Mguu ukatulia. Akatupa jiwe moja kutoka kwenye maharagwe. "Betri mpya nilikuwa nanunua Jumatatu," akasema, "na pesa ya mayai. Nyinyi mko shule, Mzee yuko trakta. Ikifika Jumamosi zimekwisha, naweka kwa jua."

"Kumbe betri ni wewe," Mzee akasema. Nadhani hilo lilimuuma kuliko mambo mengine yote. Kwa miaka mingi alikuwa amemlaumu mwenye duka kwamba anatuuzia betri mbovu.

"Nilikuwa nacheza kidogo tu," Mama akasema. "Pale kwa kinanda nilikuwa naruka."

Kaka alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili, mabega yanatikisika. Nami nilitarajia kucheka. Badala yake hasira ilinipanda, hasira ya mtoto wa miaka kumi.

"Na nikichapwa, ulikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

Akasukuma maharagwe kando. Akaninyooshea kiganja kikiwa wazi, jinsi tulivyokuwa tukinyoosha shuleni. "Haya. Nichape."

"Mama wa watoto," Mzee akasema, na sauti yake ilikuwa na hofu, "unataka kumletea mtoto laana?"

Hapo nikauona ujanja wake. Mama alijua fika kwamba hakuna mtoto anayemwinulia mzazi mkono, si kwetu, si kwa watu wowote ninaowajua. Alikuwa ananipa malipo ambayo siwezi kuyapokea, halafu mambo yaishe, tunywe chai. Nilimvulia kofia kidogo. Kisha nikasema, "Mkono wako sitaki. Alhamisi kuna fellowship. Utoe ushuhuda, mbele ya watu. Vile mimi nilifanya."

Kiganja kikarudi mezani. "Hiyo ni ngumu," akasema.

"Najua."

"Si umsamehe tu?" kaka akaniambia. "Ni mama."

Nikamwambia anyamaze, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alinyamaza.

Alhamisi nilifunga duka saa nane. Nilijifunga kitambaa changu cha kichwa, cha kijani, kile cha harusi, nikaenda kukaa safu ya mbele. Sitajifanya nilienda kuabudu. Nilienda kushinda. Walikuwako watu ishirini na kitu, wengi vijana, lakini kati yao kulikuwa na wazee watatu wa enzi zile, na mmoja wao, kofia ikiwa magotini, ni yule wa "Amina."

Tuliimba. Kiongozi akauliza nani ana ushuhuda. Mama hakusimama. Mwanamke mmoja akashuhudia juu ya ng'ombe aliyekuwa hali na sasa anakula. Mwingine akashuhudia juu ya mtoto aliyepata kazi. Mama alikuwa anasoma Biblia yake kana kwamba hajawahi kuiona. Nikakohoa. Akafungua ukurasa mwingine. Nikakohoa tena, mpaka jirani yangu akanipa peremende.

Mama akafunga Biblia. Akasimama akishikilia kiti cha mbele yake.

Alianza vizuri, kwa sababu ni mtu aliyeongoza akina mama miaka ishirini na anajua kushika watu. Aliwaeleza juu ya gramafoni na betri na pesa ya mayai. Alipofika pale kwa kuruka, vijana walikuwa wanaangua vicheko. Yule mzee wa kofia akainua mkono.

"Ngoja, Mama. Kwa hivyo ile si tenzi?"

"Si tenzi, Mzee. Ni vijana wanamwambia msichana apitie dirisha."

"Na mimi nilisema Amina."

"Ulisema. Kila Jumapili."

Yule mzee akaigeuza kofia yake magotini. "Basi Amina zangu Mungu atazitenganisha mwenyewe," akasema, na chumba kizima kikalipuka. Hata mimi nilicheka, kisha nikaona linalotendeka. Mama alikuwa amewachekesha watu mpaka ukingoni mwa jambo lenyewe, na sasa angeweza kuketi, nao wangempigia makofi. Alishashuhudia. Dhambi yake ya dansi ilikuwa imesamehewa na kila mtu na ilikuwa tamu kuliko fadhila. Mimi sikuwa nimetajwa hata kidogo. Nilijua nikisema neno nitakuwa binti mwenye roho mbaya, na nikaanza kuokota mkoba wangu.

Lakini hakuketi. Alingoja kicheko kiishe. Kilipoisha, akaendelea kusimama, akikishikilia kile kiti kwa mikono miwili.

"Kuna mtoto," akasema. "Mtoto wangu alisimama mbele ya wazee hawa akatubu juu ya hiyo santuri. Alikuwa na miaka kumi. Alisema hakufanya, na hamkumwamini, na baba yake hakumwamini. Mimi nilikuwa na birika mkononi. Nilijua. Niliogopa mtanitoa kwa uongozi, nikaendelea kumimina chai." Alipumua kama mtu anayepanda mlima. "Ni yule pale, wa kitambaa ya kijani. Si yeye. Ni mimi."

Watu waligeuka kuniangalia. Nilikuwa nimeandaa uso kwa ajili ya wakati huo, uso wa mshindi, niliujaribu kwenye kioo cha dukani asubuhi. Niliutafuta, nisiupate. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni na sikuwa na hata leso.

Kutoka nyuma kabisa, ajuza mmoja wa enzi zile, ambaye masikio yake yamezeeka, akamwuliza jirani yake kwa sauti kubwa ni nini kimesemwa. Jirani akamwashiria anyamaze.

"Hapana, mwache asikie," Mama akasema. Akageuka mzima mzima kuelekea nyuma, akashika kiti vizuri, akaita kwa sauti ile anayoitia ng'ombe kutoka upande wa pili wa shamba: "Nimesema si yeye."